Kibali cha Gari Moja

Barua ya jeshi ilikuwa na mistari minne.
Gari moja la deraya, bovu, lichukuliwe lilivyo.
Siku moja, Jumapili, mizinga ikiwa imelala.
Kisichotajwa humu kisiguswe.
Idwal aliisoma mara mbili, akaikunja,
akaitia kwenye kopo la tumbaku,
na hakusema neno
mpaka lori lilipovuka lango la Hesgog.

Mvua ya Wales hainyeshi, inakaa.
Inakukalia mabegani kama mgeni asiyeaga.
Sajini Treharne alitangulia na vijibendera vyekundu,
akipima kila hatua, kwani mlima huu
umelishwa makombora tangu mwaka wa arobaini
na mengine bado haujayatafuna.
Nyuma yake sisi watatu, unyayo ndani ya unyayo:
Idwal, kijana Gethin na jeki zake mbili,
na mimi, fundi wa matrekta,
niliyefuata kifaru tu.

Nikakiona.
Kimezama hadi tumboni katika tope jeusi,
mdomo wa mzinga umeota majani.
Kondoo wamejikuna kwenye minyororo yake
hata chuma kikang'aa kwa kimo cha kondoo,
juu ya hapo kutu tupu.
Nikaanza kuhesabu matundu kwa kidole:
kumi na saba, ishirini na tisa, nikaacha.

"Wajerumani ndio waliokifanya hivi?" akauliza Gethin.
Sajini alichekea puani.
Kilitoka kiwandani vita vikiwa vimekwisha.
Hakikuvuka bahari. Hakikumwona adui hata kwa darubini.
Kililetwa hapa moja kwa moja, kikaegeshwa,
wakapangwa vijana wetu ng'ambo ya bonde
wajifunze shabaha.
Kila tundu ni letu.
Kikulacho ki nguoni mwako,
hata nguo ikiwa ya chuma cha inchi tatu.

Tulichimba hadi saa nane.
Boliti zilikataa, tukazibembeleza kwa moto,
zikakataa, tukazitukana kwa lugha mbili,
ya tatu ikazunguka.
Waya wa winchi ukakaza kama mshipa wa shingo.
Tope likanyonya, likanyonya, kisha likaachia
kwa mlio ambao Gethin aliuigiza wiki nzima.

Hapo ndipo nilipogundua Idwal hayupo.

Hatua arobaini hivi kutoka kwenye vijibendera
palisimama dohani. Dohani tu, nyumba hakuna.
Alikuwa amepiga magoti katikati ya upupu.
Mama yake alimtoa hapa akiwa na miaka miwili,
juu ya mkokoteni, kati ya magunia ya viazi.
Waliambiwa ni mpaka vita viishe.
Mama alifagia meko kabla ya kufunga mlango,
eti askari wasije wakakuta majivu.

Akarudi amekumbatia jiwe la meko,
jeusi upande mmoja kama kitako cha sufuria.
Hakumtazama mtu. Akapanda kifaru,
akafungua mfuniko, akalishusha
kwa mikono yote miwili
hata mabega yakapotelea ndani.

Sajini Treharne alikuwa ameshika barua.
Akaitazama barua. Akawatazama kondoo,
akawahesabu, nadhani, mmoja mmoja.
"Mzigo tani ngapi?" akauliza.
"Arobaini."
"Andika arobaini na kidogo."

Kifaru kiko karakana kwangu, huu mwaka wa tatu.
Injini haijakohoa hata mara moja.
Wageni huniuliza kilipigana wapi.
Nyumbani, nawajibu, na huwa wanadhani natania.

Jiwe bado limo.
Idwal hajaniomba nilitoe, nami sijauliza.
Jumamosi huja na chupa ya chai,
hupanda, huingia, huvuta mfuniko juu yake.
Mimi huendelea na spana zangu.
Kupitia matundu yale namsikia
akifagia.